Kabla ya Kopo la Kriatini, Pita Mwaloni Kwanza

Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuna wanaume wenye mabega ambayo hayajawahi kuingia gym. Ni makuli: wanashusha magunia ya dagaa kutoka kwenye maboti ya visiwani, wanayapandisha kwenye malori yanayokwenda Kongo, Rwanda na Burundi, na kazi ikipoa wanakaa kwa mama lishe kula ugali wa muhogo na samaki wa kuchemsha. Kwingineko jijini, kwenye mabanda ya mazoezi ya Mabatini, Igogo na Nyakato, vijana wa rika lao wananyanyua vyuma vya kuchomelea na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Hawa wana swali ambalo kuli hana muda nalo: ninunue unga gani ili mwili ujazie haraka?

Zamani swali hilo lilikuwa la wachache wenye ndugu Dar es Salaam au Nairobi. Leo makopo yenye picha za mabaunsa yapo kwenye maduka ya vifaa vya michezo, yapo kwenye baadhi ya famasi, na zaidi ya yote yapo kwenye simu, ambako muuzaji asiye na duka anakuletea mzigo kwa bodaboda. Mezani kwake utakuta protini ya maziwa, unga wa kuongeza uzito ambao sehemu yake kubwa ni sukari na wanga, vichangamshi vya kunywa kabla ya tizi, na kriatini. Vyote vinaitwa "unga wa gym", na hapo ndipo hela inapoanza kupotea, maana kazi zake hazifanani hata kidogo. Protini ya maziwa ni chakula tu kilichokaushwa. Kati ya vinavyobaki, ni kriatini peke yake ambayo ningethubutu kuitetea mbele ya daktari. Ningeitetea, lakini, kama nyongeza ndogo ya bei nafuu juu ya chakula ambacho watu wa kanda ya ziwa tayari wanakijua. Anayelipa zaidi ya hapo analipia kopo.

Kriatini haikuzaliwa kiwandani. Mwaka 1832 mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliitoa kwenye mchuzi wa nyama. Mjerumani Justus von Liebig akaja mwaka 1847 na jambo ambalo makuli wa Mwaloni wangelikubali bila kupimwa: nyama ya mbweha wa porini waliouawa kwenye msako ilikuwa na kriatini takriban mara 10 ya ile ya mbweha aliyefugwa. Mnyama anayekimbia kutafuta riziki hujaza hazina. Anayeletewa chakula kizimbani hana haja nayo.

Kwa hiyo mtu anayekaa asubuhi mbele ya bakuli la supu ya ng'ombe, au ya kichwa cha sangara, anakunywa kriatini bila kuijua. Nyama inapochemka, sehemu ya kriatini huhamia kwenye mchuzi, na sehemu nyingine huharibiwa na moto wa muda mrefu. Anayechemsha samaki kisha akamwaga maji yale, amemwaga na hiyo. Nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 4 hadi 5 katika kilo moja. Samaki wengi waliopimwa wanacheza kati ya gramu 3 na 5, na heringi wa bahari za baridi anawapita. Maziwa yana kidogo mno. Maharage, karanga na mchicha havihesabiki. Mwili wenyewe hutengeneza karibu gramu 1 kwa siku, kazi inayofanywa zaidi na figo na ini. Mtu wa kilo 70 hubeba kama gramu 120, asilimia 95 ikiwa ndani ya misuli, na kila siku gramu 1 hadi 2 huchakaa na kutoka na mkojo.

Kazi yake ni ya sekunde. Unapolinyanyua gunia kutoka chini mpaka begani, misuli inachoma ATP, nishati ambayo akiba yake huisha ndani ya sekunde chache. Kriatini iliyobeba fosfeti huijaza upya palepale, kwa kama sekunde 10, wakati njia nyingine za mwili za kutengeneza nishati bado hazijashika kasi. Hazina ikiwa kubwa, marudio yanaongezeka: ulikuwa unakwama kwenye la 8, sasa unalipata la 9, labda na la 10. Ni hayo marudio ya ziada, yakirudiwa wiki baada ya wiki, yanayoujenga msuli. Anayekunywa unga na kushinda kijiweni amejiongezea maji mwilini, basi.

Ndiyo maana haimhusu sana mkimbiaji wa masafa marefu. Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya Tokyo Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa mtu wa kazi hiyo, kilo moja ya maji ya ziada ni mzigo wa kubeba kilomita 42.

Biashara yenyewe ilianza mwaka 1992. Roger Harris, Karin Söderlund na Eric Hultman walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba gramu 5 za kriatini, zikinywewa mara 4 hadi 6 kwa siku kwa siku kadhaa, huongeza hazina ya misuli. Baadhi ya washiriki walifanyishwa mazoezi ya mguu mmoja tu, na mguu uliofanya kazi ukahifadhi kriatini nyingi kuliko uliopumzika. Mwaka huohuo, baada ya Olimpiki ya Barcelona, ikaandikwa Uingereza kwamba Linford Christie, bingwa wa mita 100, na Sally Gunnell, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi, walikuwa wameitumia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji tangazo.

Tangu siku hizo imepimwa kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha michezo, na matokeo ni ya kawaida kuliko picha za kwenye makopo. Kwa wanaofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki kadhaa, watumiaji huongeza kwa wastani kama kilo 1 ya mwili usio na mafuta kuliko wenzao wasiotumia. Kilo moja. Na ndani yake kuna maji, kwa sababu kriatini huyavuta maji ndani ya msuli. Ongezeko la kilo 1 au 2 kwenye mizani wiki ya kwanza ni la maji hayo zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, katika utafiti uliochapishwa 2025, walijaribu kuyatenganisha: waliwapa washiriki kriatini wiki moja kabla ya mazoezi kuanza, maji yakaingia, kisha wakafuatilia wiki 12 za kunyanyua vyuma. Gramu 5 kwa siku hazikuleta misuli zaidi ya ile ya wasiotumia. Utafiti mmoja hauangushi rundo la tafiti zilizotangulia, lakini unatosha kumnyamazisha muuzaji anayeahidi kilo 10 kwa mwezi.

Kuna jambo jingine linalomhusu mla samaki. Jumuiya ya Kimataifa ya Lishe ya Michezo, katika msimamo wake wa mwaka 2017, inakadiria kwamba mtu anayekula nyama na samaki kama kawaida tayari amejaza asilimia 60 hadi 80 ya nafasi ya kriatini kwenye misuli yake. Kopo linajaza iliyobaki. Asiyegusa nyama wala samaki ndiye anayeona tofauti kubwa, na wapo ambao hazina yao imeshajaa kiasi kwamba hawaoni kitu. Kijana aliyelelewa Ukerewe kwa sato na furu, akimaliza kopo la kwanza bila kuona mabadiliko, asidhani ameuziwa chokaa. Inawezekana ziwa lilimtangulia muuzaji.

Hata hivyo, hesabu ya samaki peke yake haifiki mbali. Ili upate gramu 5 kwa kula tu, ungehitaji kilo nzima au zaidi ya minofu kila siku, bila kichwa wala miiba. Mfuko wa kijana wa Igogo haubebi hilo. Kwa kriatini tupu, unga ni rahisi kuliko sato, na hapa nawapa wauzaji haki yao.

Ila unga huo si protini, na msuli haujengwi kwa kitu kingine. Makadirio yanayotumika sana kwa anayenyanyua vyuma ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Gramu 200 za minofu ya sato aliyepikwa zinakupa karibu 50. Yai moja linakupa 6. Gramu 100 za dagaa wakavu zinapita 50, na hakuna kopo la gym ninalolijua linaloshindana na dagaa kwa bei. Wanaojua soko hununua wakati wa giza, wavuvi wanapotoka na taa zao usiku, wakaweka akiba ya siku za mbalamwezi ambazo dagaa hupungua na bei kupanda. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja, si waliotandazwa mchangani. Tofauti utaiona kwenye meno. Ongeza maharage, mtindi wa Usukumani, karanga kidogo. Kijana anayeshinda na chai na maandazi mawili mpaka saa kumi, kisha akaenda kununua kriatini, ameanza kuezeka kabla ya kupandisha kuta.

Nalisema hili nikijua kichekesho chake. Mwanza ina viwanda vinavyokata minofu ya sangara na kuisafirisha Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki hapa. Kriatini iliyokuwa ndani ya minofu ile imeondoka kwa ndege, kisha tunaagiza unga wake kwenye makopo.

Ukifika dukani

Basi chakula kipo, usingizi upo, mazoezi hayakatizwi, na bado unalitaka kopo. Kuchagua ni kazi nyepesi kuliko wauzaji wanavyotaka iwe. Soma orodha ya viambato, si maneno makubwa ya mbele. Pawe na creatine monohydrate, yaani kriatini monohaidreti, na baada yake pasiwe na kitu. Ndiyo iliyotumika kwenye tafiti nyingi na ndiyo ya bei ya chini. Majina mengine yamebuniwa ili kupandisha bei: haidrokloraidi, nitrati, iliyopunguzwa asidi, esta ya etili, ya maji. Hakuna hata moja iliyothibitika kuishinda. Esta ya etili ilipopambanishwa na monohaidreti mwaka 2009, damu ya walioitumia ilijaa taka ya kriatini iliyochakaa huku misuli ikiwa haijapata zaidi. Ya maji huharibika polepole ikiwa bado ndani ya chupa; wewe unanunua kilichobaki.

Jihadhari zaidi na kopo linaloandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja gramu za kila kiambato. Humo kriatini inaweza kuwa chembe, na kafeini ikawa nyingi mpaka moyo unakwenda mbio. Muuzaji akikuambia kuna siri ndani, mwachie siri yake.

Kisha piga hesabu. Gawanya bei kwa gramu za kriatini, usigawanye kwa ukubwa wa kopo. Gramu 300 ukitumia 5 kwa siku zinakwenda siku 60. Ukitumia 3, zinakwenda siku 100. Fanya hivyo kwa makopo mawili yaliyokaa rafu moja na mara nyingi utagundua la bei kubwa halina sababu nyingine zaidi ya picha. Tofauti pekee ninayoona ina maana ni ya usafi. Kriatini ya unga haitoki kwenye nyama. Viwanda huiunda kwa kuunganisha sarkosini na sianamidi. Nyingi duniani hutoka China. Yenye jina Creapure hutoka kiwanda cha Alzchem mjini Trostberg, Ujerumani, na hilo ni jina la malighafi, hivyo utalikuta kwenye makopo ya kampuni mbalimbali. Kwa anayechunga halali, unga wenyewe hauna mnyama ndani yake, lakini ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Nunua unga.

Usafi si jambo la kudharau. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha mwaka 2004 matokeo ya kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Vitu 94, karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni za jamii ya steroidi ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Kwa hiyo alama kama Informed Sport au NSF Certified for Sport ina thamani, mradi namba ya toleo iliyo kwenye kopo lako unaikuta pia kwenye tovuti ya waliotoa alama hiyo, maana alama ya karatasi yeyote anaichapisha. Kizibo kiwe na lakiri, tarehe isomeke, mwingizaji ajulikane. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko kwa shirika la viwango, TBS, na iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Bidhaa iliyoingia nchini kwenye begi la msafiri haijapita kwa yeyote kati ya hao. Unga uliopimwa kwenye kifuko cha nailoni usio na jina usiuguse, hata akiuuza kocha wako.

Anayecheza ligi au riadha ana sababu ya ziada. Kriatini haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini mwanamichezo anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au la. Mwaka 2017 mkimbiaji wa Kenya Ferdinand Omanyala alifungiwa miezi 14 kwa sababu ya betamethasoni, iliyotokana na tiba ya maumivu ya mgongo. Alirudi, na Septemba 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi, rekodi ya Afrika. Si kila aliyefungiwa hupata nafasi ya kurudi.

Hatari halisi, kwa maoni yangu, imekaa jirani na kriatini na watu huichukua kwa mkono uleule. Kuna vidonge vya "kunenepesha". Ndani yake mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha njaa na usingizi, na deksamethasoni, steroidi ya hospitali. Matumizi yake kwa ajili ya kuongeza mwili yameandikwa na watafiti Kongo na Sudan. Anayeitumia deksamethasoni ili ajazie anafanya kinyume kabisa: dawa hiyo hula msuli, huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na ukiiacha ghafla baada ya kuizoea mwili unaweza kuzimika. Halafu kuna sindano za testosteroni na ndugu zake. Hizo kweli hujenga msuli, na kweli huzifanya korodani zisinyae kwa sababu mwili unaacha kutengeneza homoni yake.

Nadhani humo ndimo ulimotoka uvumi kwamba unga wa gym unaua nguvu za kiume. Kriatini si homoni na haina kazi hiyo. Uvumi wa kipara nao una asili: mwaka 2009 wachezaji wa raga wa chuo huko Afrika Kusini walipewa kriatini kwa wiki 3, na homoni moja inayohusishwa na upara ikapanda. Nywele zenyewe hakuna aliyezihesabu. Utafiti uliochapishwa 2025, uliozipima nywele kwa wiki 12, haukuona tofauti. Mwenye upara wa ukoo atafute wa kumlaumu nyumbani kwao.

Matumizi yasikuchoshe. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, kila siku, hata siku usiyofanya tizi. Ile dozi ya gramu 20 kwa siku kwa siku 5 hadi 7 huharakisha tu. Kwa gramu 3 utafika palepale baada ya kama wiki 4, bila tumbo kuunguruma na kukukimbiza chooni. Saa haijalishi sana. Pamoja na chakula cha wanga ni vizuri, na kwa bahati sisi ni watu wa ugali. Kwenye maji baridi hutua chini ya glasi, hiyo si dalili ya ubovu. Koroga kwenye maji au chai ya vuguvugu na unywe hapohapo. Wakati wa Ramadhani futari au daku inatosha. Walio chini ya miaka 18 wale dagaa.

Figo

Hofu ya figo ndiyo inayotajwa kuliko zote, na haikuzuka hewani. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache, na kriatini ikanyooshewa kidole. Ripoti ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, mwaka 1998, ilieleza vingine: walikuwa wakijinyima maji na kufanya mazoezi kwenye joto, wamevaa mavazi yasiyopitisha jasho, ili washushe uzito kabla ya mizani. Mwaka huohuo jarida la The Lancet likaripoti kijana wa miaka 25 ambaye figo zake zilidhoofika alipoanza kriatini na kurudi alipoiacha. Huyo alikuwa mgonjwa wa figo tangu kabla. Kwa wenye figo nzima, tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba dozi za kawaida zinazidhuru.

Sasa niulize swali la kwetu: una hakika figo zako ni nzima? Kanda ya ziwa ina kichocho. Cha mkojo kimezoeleka kwenye mabwawa na majaruba ya Kwimba, Misungwi na Magu, na kikiachwa miaka bila tiba huharibu kibofu na mirija ya mkojo mpaka figo zenyewe. Wapo wanaume wenye vifua vipana leo ambao utotoni walikojoa damu wakaambiwa ni kukua. Ongeza presha na kisukari, ambavyo havipigi hodi. Utafiti wa Kaskazini mwa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa 2015, ulikuta kama watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo, mjini zaidi kuliko vijijini. Ongeza diklofenaki, ambayo vijana wa gym huimeza kama karanga kila misuli ikiuma. Hiyo ina rekodi mbaya kwa figo kuliko kriatini itakavyowahi kuwa nayo. Na kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mchanganyiko unaotolewa kwa wengi nchini una tenofovir, ambayo figo hufuatiliwa kwa ajili yake. Hao wote wazungumze na daktari kabla ya kufungua kopo. Aliyeambiwa tayari ana tatizo la figo asilifungue kabisa.

Kupima si jambo kubwa: presha, sukari, mkojo na damu, vipimo ambavyo vituo vingi vya afya vya jiji vinavifanya bila kusubiri ufike hospitali ya Bugando. Lakini hapo kuna mtego. Kipimo cha damu cha figo hupima kriatinini, ile taka ambayo kriatini hugeuka ikichakaa. Anayekunywa kriatini, na pia mwenye misuli mingi, anaweza kuonekana kriatinini yake imepanda ilhali figo zinafanya kazi vizuri, na dolutegravir iliyomo kwenye dawa za kufubaza virusi hufanya vivyo hivyo. Daktari asiyeambiwa atasoma namba hiyo kama ugonjwa, au mgonjwa wa kweli atajifariji kwamba ni unga tu. Pima kabla ya kuanza, na karatasi ya majibu uitunze. Ikibidi kurudia, acha kriatini kwa wiki 4 hadi 6 ili hazina irudi ilipokuwa, au uliza kama kipimo cha sistatini C kinapatikana, maana hakiyumbishwi hivyo na kriatini. Na siku unapokaa mbele ya daktari, kwa ugonjwa wowote ule, mtajie kopo lako kwa jina na gramu unazotumia.